Namna ya Kukusanya Chapa za Uingereza za Majarida ya Kimarekani ya Bunilizi ya Kisayansi

Mtu akikuta kwenye boksi la vitabu vikuukuu jarida la Astounding Science Fiction lenye upana wa sentimita 18 hivi na urefu wa sentimita 25 hivi, na likiwa na tarehe ya mwaka 1948, anaweza kujua lilikotoka kabla hajafika ukurasa wa pili. Nchini Marekani jarida hilo lilipunguzwa umbo Novemba 1943 na kuwa dogo la ukubwa wa daijesti, yaani sentimita 14 kwa 19 hivi, ilhali chapa yake ya Uingereza iliendelea na umbo kubwa la zamani mpaka Novemba 1953, miaka kumi kamili baadaye. Kwa hiyo jarida kubwa la mwaka 1948 haliwezi kuwa limetoka New York. Ni kazi ya Atlas Publishing and Distributing Company ya London, hata kama muuzaji ameliandika vinginevyo kwenye kibandiko chake.

Mwongozo huu unahusu majarida ya namna hiyo: yale yaliyochapwa Uingereza kwa idhini ya wenyewe wa Marekani kati ya mwaka 1939 na katikati ya miaka ya 1960, yakiwa na hadithi zilizokwisha kutoka kwanza ng'ambo ya Atlantiki. Wakusanyaji wengi huyadharau kwa kuyaona ni kivuli cha majarida halisi. Nimeyakusanya kwa muda mrefu na sikubaliani nao, kwa sababu ukikaa na nakala mkononi utagundua kwamba chapa ya Uingereza mara nyingi ni jarida jingine kabisa lililovaa jina la mwenzake, na kazi yote ya mkusanyaji ni kujua ni jingine kwa kiasi gani.

Hatua ya kwanza: fahamu kwa nini chapa hizi zilikuwapo

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, majarida ya Marekani yaliyobaki bila wanunuzi yalivushwa bahari na kuuzwa Uingereza kwa bei ya kutupa, hata katika maduka ya Woolworths, ambako kijana mwenye peni tatu aliweza kuondoka na jarida nene lililojaa safari za sayari za mbali. Arthur C. Clarke, mwandishi mashuhuri wa bunilizi ya kisayansi aliyezaliwa Minehead mwaka 1917, alikuwa mmoja wa vijana hao. Vita vilipoanza Septemba 1939, nafasi ndani ya meli ikawa ya chakula na silaha, dola ikawa haba, na mlango ule ukafungwa. Vita vilipokwisha haukufunguliwa mara moja, kwani masharti ya fedha za kigeni yaliendelea kuzuia uagizaji wa majarida mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Wachapishaji wa Uingereza waliziba pengo hilo kwa kununua haki za hadithi na kuzichapa nyumbani. Atlas ilikuwa imewahi kwa mwezi mmoja tu, kwa kuwa toleo lake la kwanza la Astounding lilitoka Agosti 1939.

Historia hii ina manufaa ya moja kwa moja kwa mkusanyaji, maana karatasi iligawiwa kwa mgao, na mgao ndio ulioamua hadithi ipi iingie na ipi iachwe. Astounding ya Atlas ilianza na kurasa 96, ikashuka hadi 80 katika toleo la Machi 1940, na ilipofika Desemba ya mwaka huo zilikuwa zimebaki 64. Jarida la Marekani wakati huo lilikuwa na zaidi ya mara mbili ya kurasa hizo. Ukilijua hilo hutashangaa kukuta riwaya ya mfululizo imeachwa yote, wala hutamlaumu aliyekuuzia kwa kudhani amechana kurasa.

Hatua ya pili: tenganisha aina tatu zinazofanana

Utakutana na aina tatu za vitu vinavyouzwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Ya kwanza ndiyo tunayoitafuta, yaani jarida lililochapwa Uingereza likiwa na bei ya Uingereza iliyochapwa kwenye jalada lenyewe, jina la mchapishaji wa Uingereza, na kwa kawaida matangazo ya biashara za huko. Ya pili ni jarida la Marekani lililoingizwa nchini na kugongwa muhuri wa wino au kubandikwa kikaratasi cha bei ya Uingereza juu ya bei ya senti. Hilo ni jarida la Marekani lililosafiri, basi, na muhuri haulibadilishi kuwa chapa nyingine. Ya tatu ni majarida ya Waingereza wenyewe, kama New Worlds, ambayo hayakuwa nakala ya jarida lolote la ng'ambo. Ni mazuri, lakini hayamo katika mwongozo huu.

Penye utata, usitazame jalada. Fungua ukurasa wa yaliyomo, au sehemu ya chini ya ukurasa wa mwisho, utafute maandishi madogo yanayomtaja mchapaji na mahali alipochapia. Baadhi ya majarida ya Atlas yanataja pia mawakala wa kuyasambaza katika nchi nyingine za himaya, kama Gordon and Gotch kwa Australia na Central News Agency kwa Afrika Kusini, na ukikuta majina hayo hakuna haja ya kubishana tena.

Neno kuhusu bei, kwa sababu msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kupotea hapa kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Bei ya 1/6 kwenye jalada la Uingereza ni shilingi moja na peni sita, na kwa kuwa shilingi ya Uingereza ilikuwa na peni 12, hiyo ni shilingi moja na nusu. Wazee wetu waliandika kiasi hicho hicho 1/50, maana shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti 100, ingawa shilingi zenyewe mbili zililingana thamani, ishirini kwa pauni. Usiisome 1/6 kama shilingi moja na senti sita. Uingereza iliachana na hesabu hiyo tarehe 15 Februari 1971, kwa hiyo jarida lenye bei ya peni mpya pekee limechelewa mno kwa mkusanyo wetu.

Hatua ya tatu: chagua jarida moja, na liwe fupi

Kosa nililolifanya mwanzoni ni kununua kila kilichopita mbele yangu. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na rafu iliyojaa na hakuna hata seti moja iliyokaribia kukamilika. Anza na jarida ambalo chapa yake ya Uingereza ina matoleo machache na yenye namba zinazojulikana.

Planet Stories ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu mpya. Nchini Marekani ilitoka mara 71 kati ya majira ya baridi ya mwaka 1939 na kiangazi cha 1955, lakini kampuni ya Pembertons ya Manchester ilitoa matoleo 12 tu, kuanzia mwaka 1950 hadi 1954. Seti ya majarida 12 inawezekana kwa mtu mwenye subira na mshahara wa kawaida. Startling Stories, ambayo Marekani ilikuwa na matoleo 99, ilitolewa na Pembertons hao hao mara 18 kati ya Juni 1949 na Mei 1954, ikiwa imepunguzwa sana. The Magazine of Fantasy and Science Fiction ilitolewa na Mellifont Press kwa miezi 12 tu, Oktoba 1953 hadi Septemba 1954, nayo ni seti nyingine nzuri ya kuanzia, lakini usiichanganye na chapa ya pili ya jarida hilo hilo iliyotolewa na Atlas kuanzia Desemba 1959 hadi Juni 1964, ambayo ina matoleo 55.

Wenye hamu ya mambo ya ajabu zaidi wana mahali pazuri pa kwenda. Unknown, jarida la hadithi za miujiza lililohaririwa na John W. Campbell, lilikufa Marekani Oktoba 1943 baada ya matoleo 39 kwa sababu karatasi ilikuwa imeadimika huko nako. Chapa ya Atlas haikufa. Iliendelea kutoka kidogo kidogo, ikitumia hadithi zilizobaki katika ghala la jarida lisilokuwapo tena, mpaka majira ya baridi ya mwaka 1949, na ilipokoma ilikuwa imefikisha matoleo 41. Mtoto wa kufikia akamzika baba, akaishi miaka sita zaidi! Venture Science Fiction ilikwenda mbali kuliko hapo: nchini Marekani ilitoka mara 10 tu kati ya Januari 1957 na Julai 1958, lakini Atlas ikatoa jarida la jina hilo mara 28, kuanzia Septemba 1963 hadi Desemba 1965, kwa kuchota pia hadithi za jarida ndugu la Fantasy and Science Fiction. Yeyote anayesema chapa za Uingereza ni nakala tupu aelezwe jinsi matoleo 10 yanavyoweza kunakiliwa yakawa 28.

Galaxy, Weird Tales na Astounding ziache kwanza. Galaxy ya Uingereza ina matoleo 94 yenye namba. Weird Tales imegawanyika kwa wachapishaji watatu: Gerald G. Swan alitoa tatu mwaka 1942, William Merrett akatoa moja mwaka 1946, kisha Thorpe and Porter wakatoa 28 kati ya 1949 na 1954. Astounding, iliyoendelea mpaka Agosti 1963 ikiwa imeshabadili jina kuwa Analog, ni shughuli ya miaka 24 ya uchapaji, na sijui mtu aliyeikamilisha bila kuchoka katikati.

Hatua ya nne: andaa orodha kabla ya kununua

Tumia daftari au lahajedwali, vyovyote utakavyo, lakini orodha iwe na safu za jina la jarida, mchapishaji, namba iliyoandikwa kwenye jalada, tarehe ikiwapo, idadi ya kurasa, bei iliyochapwa, toleo au matoleo ya Marekani yaliyotoa hadithi hizo, na hali ya nakala yako. Safu ya matoleo ya Marekani itakaa tupu kwa muda mrefu, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Sababu ya kuitayarisha mapema ni kwamba namba za chapa hizi zina mitego. Galaxy ya Uingereza ilianza Januari 1953 na Juzuu la 3, Namba 1. Watu wamepoteza muda wakitafuta juzuu la kwanza na la pili ambayo hayakuchapwa kamwe. Swan naye, wakati wa vita, alitoa mfululizo wa vijarida vyembamba vilivyoitwa Yankee, ambamo hadithi za upelelezi, za Magharibi ya Marekani, za kutisha na za kisayansi zilishiriki mlolongo mmoja wa namba, hata Yankee Science Fiction ikaangukia namba 3, 11 na 21 peke yake. Anayeona pengo kati ya 3 na 11 atadhani anakosa majarida saba, kumbe hayo saba si ya kisayansi. Tena majarida mengi ya Pembertons na Thorpe and Porter hayana tarehe hata moja, yana namba tu, na namba moja ya Uingereza haina uhusiano wowote na namba moja ya Marekani.

Kwa kuijaza orodha, tegemea kanzidata ya mtandaoni inayoitwa ISFDB, ambayo inaorodhesha matoleo ya Uingereza mbali na ya Marekani, pamoja na faharasa ya FictionMags. Zote mbili hujazwa na wakusanyaji kama wewe, kwa hiyo ukikuta nakala yako inapingana nazo, iamini nakala kwanza, kisha uikague tena.

Hatua ya tano: tafuta na uulize vizuri

Mahali pa kutafuta ni maduka ya vitabu vilivyotumika, minada ya mtandaoni, maonyesho ya vitabu, na chumba cha wauzaji katika Eastercon, mkutano wa wapenzi wa bunilizi ya kisayansi unaofanyika Uingereza kila Pasaka. Hay-on-Wye, mji mdogo wa Wales uliojaa maduka ya vitabu, unastahili safari moja, ingawa bei zake zinajua kwamba umesafiri. Leicester nayo isidharauliwe. Thorpe and Porter walikuwa Oadby, nje kidogo ya mji huo. Wengi wetu tunaujua Leicester kwa sababu nyingine, maana ndiko walikokimbilia Waasia wengi wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na katika baadhi ya maduka yake utasalimiwa kwa Kiswahili ukishajitambulisha unakotoka.

Bei za matoleo ya kawaida ya miaka ya 1950 ni za kuvumilika, mara nyingi pauni chache kwa nakala yenye hali ya wastani, na mara nyingi gharama ya posta huzidi bei ya jarida. Kwa anayeagiza kutoka Mombasa au Muscat ni busara kumwomba muuzaji akuwekee majarida kadhaa na kuyatuma kwa mkupuo mmoja. Ya wakati wa vita ni adimu zaidi, kwa sababu mengi yalirudishwa kwenye mitambo ya karatasi ili yasagwe upya.

Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji na umwulize mambo manne. Jarida lina kurasa ngapi, na namba zake zinafuatana bila kuruka? Jalada la mbele na la nyuma yote yapo, na yameshikamana na kurasa? Pini za chuma zina kutu? Je, linanuka? Swali la mwisho huwashangaza wauzaji, lakini harufu ya ukungu haionekani kwenye picha. Omba pia picha ya ukurasa wa yaliyomo, kwa sababu jalada peke yake halikuambii chochote ulichokuja kukitafuta. Muuzaji anayekataa kuupiga picha ukurasa mmoja mwachie mali yake.

Hatua ya sita: kagua nakala inapofika

Weka kitambaa safi mezani, nawa mikono na uikaushe vizuri, kisha fungua bahasha bila kisu. Usililaze jarida wazi kwa nguvu. Karatasi yake ilitengenezwa kwa ubao uliosagwa bila kuondolewa vitu vinavyozaa asidi, na baada ya miaka sabini ukingo wake unavunjika kama papadi.

Majarida membamba mara nyingi yameshonwa kwa pini mbili zinazopita katikati ya mgongo, na ushonaji huo una udhaifu wake. Chukua jarida la kurasa 64 lililoshonwa hivyo. Karatasi ya katikati kabisa imebeba kurasa za 31, 32, 33 na 34. Pini zikishika kutu, kutu hula karatasi inayozunguka tundu, na ya katikati ndiyo hudondoka kwanza kwa kuwa haishikwi na nyingine kutoka ndani. Niliwahi kununua jarida lililoelezwa kuwa kamili, nikalisoma kwa furaha hadi mwanaanga mmoja alipoinua mkono kufungua mlango wa chombo chake mwishoni mwa ukurasa wa 30, na mwanzoni mwa ukurasa wa 35 akawa anazikwa. Tangu siku hiyo hufungua katikati kabla ya mahali pengine popote. Ikiwa iliyopotea ni karatasi ya nje zaidi, dalili yake huwa mbili, moja mbele na moja nyuma, kwa sababu karatasi moja hubeba kurasa za pande zote mbili za jarida.

Baada ya hapo tazama majina na mihuri. Maduka ya kubadilishana vitabu yalikuwa na desturi ya kugonga muhuri mkubwa kwenye jalada, mara nyingi juu ya uso wa mtu aliyechorwa. Usijaribu kuufuta. Jina la msomaji wa zamani lililoandikwa kwa penseli pembeni nalo liache. Kuna wakusanyaji wanaolipunguzia jarida thamani kwa sababu hiyo, lakini mimi nakala hizo huzipenda, hasa aliyeandika akiwa ameweka na tarehe, kwa kuwa tarehe hiyo inaweza kuwa ushahidi pekee wa wakati jarida lisilo na tarehe lilipokuwa sokoni.

Hatua ya saba: hifadhi

Hili litakuwa fupi, kwa kuwa kanuni zake ni zile zile za karatasi zote duni. Tia kila jarida katika mfuko wa poliesta safi usio na plastiki laini ya PVC, pamoja na kadibodi isiyo na asidi ya kulinyoosha. Lilaze, au lisimamishe likiwa limeegemezwa barabara pande zote mbili. Liepushe na jua. Usitumie selotepu hata kwa mpasuko mdogo, kwa maana gundi yake hugeuka kahawia, huingia ndani ya karatasi na haitoki tena.

Anayeishi pwani ana kazi ya ziada. Unyevu wa Unguja au Dar es Salaam wakati wa masika unaweza kuotesha ukungu ndani ya wiki chache, na boksi la kadibodi lililowekwa sakafuni ni mwaliko kwa mchwa. Tumia masanduku ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, yakiwa na vifuko vya kunyonya unyevu ambavyo hukaushwa au kubadilishwa mara kwa mara, na yawekwe juu ya rafu ya chuma mbali na ukuta. Nakala mpya usiichanganye na za zamani siku ile ile. Ukiona vijitundu au unga unaoashiria wadudu, ifunge ndani ya mifuko miwili isiyopitisha hewa, iweke kwenye friza kwa wiki mbili katika nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, kisha iache irudi kwenye joto la chumba kabla ya kuifungua mifuko, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya karatasi. Hakikisha tu kwamba nyumbani wote wanajua kilichomo kwenye friza.

Hatua ya nane: linganisha na asili

Hapa ndipo ile safu tupu ya orodha inapojazwa, na hapa ndipo starehe yenyewe ilipo. Chukua ukurasa wa yaliyomo wa nakala yako na uandike kila hadithi pamoja na mwandishi wake. Mtafute mwandishi katika ISFDB, uone hadithi hiyo ilitoka mara ya kwanza katika jarida gani la Marekani na mwezi gani, halafu uandike jibu mbele yake. Hadithi zote zikitoka katika toleo moja la Marekani, kazi ni nyepesi. Zikitoka katika matoleo mawili au matatu, una toleo la mchanganyiko, ambalo halikuwahi kuwapo Marekani katika umbo hilo, na mhariri asiyetajwa jina wa London au Manchester ndiye aliyelitunga kwa mkasi wake.

Usiishie kwenye majina ya hadithi. Skani za majarida mengi ya Marekani, zikiwamo za Planet Stories na Galaxy, zinapatikana katika Internet Archive. Weka skani upande mmoja na nakala yako upande mwingine, ulinganishe aya ya kwanza na ya mwisho ya kila hadithi, kisha uhesabu sura. Ukikuta sura zimerukwa au mapumziko ya hadithi yamehama, shuka aya kwa aya mpaka uone palipokatwa. Katika Startling Stories fanya hivyo kwa makini zaidi, kwa sababu toleo la Marekani lilikuwa na desturi ya kuongozwa na riwaya nzima, na riwaya nzima haiingii katika kurasa chache za Pembertons bila kupoteza kitu. Tazama pia kama ukurasa wa barua za wasomaji upo. Wasomaji wa Marekani waligombana humo kwa miaka mingi kwa lugha ya kuchekesha, na ndio sehemu ya kwanza ambayo mchapishaji mwenye karatasi chache huona anaweza kuishi bila hiyo.

Mwishowe rudi kwenye jalada. Katika Astounding ya Atlas, picha za jalada kwa kawaida zilichorwa upya kwa kufuata zile za Marekani, na ukiweka mbili pamoja unaona: mkono wa mchoraji ni mwingine, nyuso zimekuwa ngumu kidogo, nyota nyuma ya chombo zimepungua. Angalia saini ya mchoraji ipo kwenye ipi na haipo kwenye ipi, uandike.

Mashaka yasiyotatulika kwa skani yanaweza kupelekwa maktabani. Mkusanyo wa Science Fiction Foundation, unaotunzwa katika maktaba ya Sydney Jones ya Chuo Kikuu cha Liverpool, uko wazi kwa watafiti wanaopanga miadi mapema. Peleka orodha yako, penseli na maswali yasiyozidi matano, kwa sababu saa za chumba cha kusomea huisha kabla ya majarida.

Nakala isiyo na jalada isitupwe. Kwa njia hii ya kulinganisha yaliyomo, inaweza kutambulika karibu kwa uhakika kama nakala nzima. Ninayo Planet Stories moja ya namna hiyo, niliyopewa bure chini ya mafungu ya majarida ya mapishi, haina mgongo wala kurasa mbili za kwanza. Nimeitia katika folda isiyo na asidi pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli: hadithi tano zilizobaki, toleo la Marekani ambalo kila moja ilitoka, namba ya Uingereza ambayo mpangilio huo unalingana nayo, na tarehe niliyofanya hesabu hiyo.